Tano Nukta Nane

Tano nukta nane.
Nimeibeba namba hii Coimbatore nzima,
Ganapathy hadi Peelamedu na kurudi,
ndani ya bahasha ya plastiki iliyokatika kifungo.
Mvua ya Oktoba ilinilowesha mpaka viatu,
hati ya matokeo ikabaki kavu.
Ningependa ilowe.

Makampuni manne yalikuja chuoni.
Bango lilisema: wastani wa saba na kuendelea.
Mlinzi alikuwa na orodha, mlangoni hata sijafika.
"Dada, wewe kanywe chai kwanza," akaniambia,
kwa upole,
na upole ule ndio uliouma.

Msinitafutie kisa cha kuliza watu.
Ni kweli, mama anauza rojo la idli,
na saa tisa za usiku ni mimi niliyeosha mawe ya kusagia.
Ni kweli pia kwamba nililala.
Nilitazama kriketi.
Thamodinamiki iliniangusha mara mbili,
na mara ya pili sikuwa na usingizi wa kusingizia.

Nilituma barua sitini na tatu.
Waliojibu ni wawili; mmoja alikosea jina langu.
Binamu yangu Dhivagar, wastani wa tisa,
hupiga simu kila Jumapili kutoka Bengaluru:
"Kayalvizhi bado?"
Mama hufunika simu kwa kiganja chenye unga,
hunitazama,
kisha husema mtandao ni mbovu.

Bwana Maruthachalam ana karakana ya pampu
nyuma ya ghala la pamba.
Aliisoma hati yangu miwani ikiwa juu ya paji la uso,
maana yake hakuisoma.
"Ulifaulu nini?"
"Vipimo."
"Kilichokuangusha?"
"Joto."
Akacheka hadi akakohoa.
"Hapa joto ni la bure."

Rupia elfu kumi na mbili, miezi mitatu ya kujaribiwa.
Cheo: mhandisi mwanafunzi.
Mama akauliza, "Mwanafunzi tena? Si ulimaliza?"

Magurudumu ya pampu hutoka kwenye kalibu
yakiwa na mchanga masikioni kama watoto.
Fundi Chellamuthu huyakereza, mimi huyapima.
Nina ndoo tatu.
Kilichozidi huenda ndoo ya njano, kikakerezwe tena.
Kilichopungua hakiongezeki: nyekundu.
Na michoro ina uungwana wake:
pembeni ya kila namba pana alama ya kujumlisha na kutoa,
yaani, hapa unaruhusiwa kukosea, kiasi hiki,
tusigombane.
Hakuna aliyewahi kuniandikia hivyo
pembeni ya jina langu.

Jana gurudumu moja lilipungua,
unywele, si zaidi.
Nililipima mara tano, nikafuta maikromita kwa upindo wa dupata,
nikapima tena.
Lilikuwa zuri. Liling'aa.
"Pitisha," alisema Chellamuthu, "nani ataona?"
Nikawaza mkulima fulani huko Pollachi,
Aprili, kisima kimeshuka, minazi imeinamisha makuti,
naye amesimama juu ya mota inayonguruma
bila kuvuta tone,
hajui kosa ni la nani.

Nililiweka kwenye nyekundu.
Sikulitupa; niliinama nikaliweka.
Hata hivyo lililia.
Nikamkumbuka yule mlinzi na chai yake,
na kwa mara ya kwanza nikataka kujua
kama jioni ile alikula.

Jumamosi ndoo nyekundu humwagwa tanuruni.
Chellamuthu hugeuka akawasha beedi.
Mimi husogea karibu,
karibu kuliko inavyoruhusiwa,
mpaka nyusi zinuke,
nikitazama vilivyopungua vikilegea,
vikiacha umbo,
vikianza upya kuwa uji.